Mbwa Hapandi Darasa kwa Risiti

Katika michezo ambayo binadamu amebuni ili ashirikiane na mnyama, sijui mwingine ulio wa haki kuliko ajiliti, na sijui mwingine unaoharibiwa na watu wema kiasi hiki. Nasema watu wema kwa makusudi. Wanaouharibu si wakatili. Ni walimu wanaowapenda mbwa, na ni wenye mbwa ambao huwalisha wanyama wao vizuri kuliko wanavyojilisha wenyewe. Ugonjwa wao ni mmoja tu: haraka ya kupanda darasa.

Msomaji ambaye hajauona mchezo huu anastahili maelezo. Ajiliti ni mashindano ya mbwa kupita vikwazo kwa mpangilio maalumu, huku mwenye mbwa akikimbia kando na kumwelekeza. Kuna viunzi vya kuruka, mabomba ya turubai ya kupenya, daraja jembamba la mbao, mbao mbili zilizoegemezwa kama paa la nyumba, fito 12 zilizosimamishwa mstari mmoja ambazo mbwa huzipita kwa kujipinda huku na huku, na ubao mrefu unaopanda na kushuka kama mizani. Mchezo ulianzia London mwaka 1978 katika maonyesho ya Crufts. John Varley, mmoja wa wanakamati, alitaka jambo la kuwachangamsha watazamaji wakati wa mapumziko, akasaidiwa na mfunzaji wa mbwa Peter Meanwell. Wazo waliliazima kwenye mashindano ya farasi wa kuruka viunzi. Mwaka 1980 Kennel Club iliutambua rasmi, na tangu hapo umeenea Ulaya, Marekani na kwingineko.

Kwa nini nauita mchezo wa haki? Kabla ya mashindano, mtu huruhusiwa kuutembea uwanja na kuikariri njia. Mbwa haruhusiwi. Huingia bila kujua kiunzi gani kinafuata kipi, na akishaondoka mstarini mwenyewe haruhusiwi kumgusa wala kumwonyesha kipande cha nyama. Kinachobaki kati yao ni sauti, mkono, na namna mtu anavyogeuza mabega. Tena mpangilio hubadilika kila shindano, kwa hiyo mbwa hawezi kuukariri. Nchini Uingereza mbwa wa ukoo unaojulikana husimama mstari mmoja na chotara aliyeokotwa. Anayeshinda ni yule anayeelewana na mwenzake, na maelewano hayo hayauzwi dukani.

Sasa tazama yanayotendeka katika madarasa. Vilabu vingi nilivyovitembelea katika miaka yangu ya kuishi Uingereza hugawa mafunzo katika ngazi tatu: wanaoanza, wa kati, na waliobobea. Mgawanyo huo ni mzuri, na sina ugomvi nao. Ugomvi wangu ni na mlango wa kutoka ngazi moja kwenda nyingine. Mtu hulipia wiki sita. Wiki sita zikiisha hupewa cheti, hupigiwa makofi, kisha huambiwa karibu darasa la kati. Hakuna aliyeuliza kama mbwa wake huitika akiitwa, au kama anaweza kutulia mstarini mpaka aambiwe nenda. Aliyefaulu mtihani ni risiti.

Jamaa yangu mmoja wa Tanga alipokuja kunitembelea aliangua kicheko. "Kaka," aliniuliza, "hata mbwa nao wana darasa la kwanza?" Nikamjibu kwamba wanalo, na linaugua maradhi yale yale ya madarasa mengine: kila mtu analiona ni mahali pa kupita tu.

La hasha! Darasa la kwanza ndilo lenye mambo yote. Humo mbwa hujifunza kwamba kumtazama mtu wake kuna faida. Hujifunza kupita kati ya nguzo za kiunzi huku ufito ukiwa chini ardhini, bila kuruka chochote, ili ajue kugeuka kabla hajajua kupaa. Hujifunza kusimamisha miguu kwenye sehemu iliyopakwa rangi mwishoni mwa daraja, sehemu ambayo ni lazima aikanyage, na ambayo iliwekwa ili asijitupe kutoka juu na kuumiza mabega. Fito 12 huanza kwa kupangwa safu mbili zenye njia pana katikati. Mbwa hukimbia moja kwa moja, na siku baada ya siku safu husogezwa karibu mpaka, bila yeye kujua, anajipinda. Kazi hiyo yaweza kuchukua miezi kadhaa. Wiki sita zitatosha wapi?

Chukua ule ubao wa mizani. Kwa macho ya mtu ni kitu kidogo. Kwa mbwa, ni ardhi inayoanguka chini ya miguu yake na kupiga kishindo. Mwalimu mwenye busara huanza na kibao kifupi kinachotikisika kidogo tu, huweka mto chini ili kishindo kife, kisha huushika ubao kwa mkono wake mwenyewe na kuuteremsha taratibu. Nimeona katika klabu moja, ambayo sitaitaja, mbwa jike mdogo mwenye furaha akipelekwa kwenye ubao kamili katika wiki yake ya kwanza ya darasa la kati. Ubao ulianguka kwa kishindo, naye akaruka kando akilia. Wiki iliyofuata hakuukaribia. Wiki ya tatu hakulikaribia hata daraja, maana kwake mbao zote zilikuwa zimekuwa ni kitu kimoja. Mwalimu alisema mbwa huyu ni mwoga. Nasema mbwa huyu alikuwa na kumbukumbu nzuri.

Hofu haionekani kwa macho, lakini mifupa huumia kweli kweli. Ncha za mifupa ya mbwa mchanga huwa na gegedu laini ambalo halijawa mfupa kamili, na kwa mbwa wakubwa hali hiyo huendelea hata baada ya mwaka mmoja. Ndiyo sababu kanuni za Uingereza zinamkataza mbwa aliye chini ya miezi 18 kushindana, na zile za American Kennel Club zinataka awe na miezi 15. Lakini kanuni ya mashindano hailindi jioni ya Jumanne katika uwanja wa kukodi, ambako mbwa wa miezi tisa anarushwa viunzi vya kimo kamili kwa sababu "ana kipaji". Kipaji chake kingengoja. Mabega yake hayana akiba.

Jambo jingine linaloniudhi ni namna walimu wanavyogawiwa. Bingwa wa klabu, mwenye vikombe kabatini, hufundisha waliobobea, watu ambao tayari wanajua kubadili upande mbele ya mbwa na kumwelekeza wakiwa mbali naye. Wanaoanza hupewa kijana aliyejiunga juzi. Anayezijua shule zetu atalitambua jambo hili, kwa kuwa mwalimu hodari hutafutiwa darasa la mtihani, na watoto wa mwaka wa kwanza huachiwa yeyote aliyepo. Lakini kosa la darasa la juu hurekebishwa kwa wiki moja, na kosa la darasa la chini humfuata mbwa maisha yake yote. Ningekuwa na mamlaka, bingwa angefundisha wanaoanza, na waliobobea wangejikosoa wenyewe kwa wenyewe.

Wapo watakaoniambia kwamba mbwa wenyewe wanapenda, tazama mikia yao. Naam, wanapenda. Mtoto naye hupenda kukimbia barabarani. Kupenda ni kazi ya mbwa, na kupima ni kazi yetu.

Wapo watakaosema kwamba watu wakikawishwa chini watachoka na kuondoka, na klabu itakosa fedha za kodi ya uwanja. Hoja hii ni ya kweli, nami siidharau. Lakini anayechoka huchoshwa na darasa lisilomwonyesha maendeleo, wala si lazima achoshwe na darasa la chini. Mwambie mtu waziwazi: mbwa wako akitulia mstarini, akiitika katikati ya mbwa wengine, akikanyaga sehemu ya rangi mara tano kwa tano, utapanda. Akitumia wiki nne, vema. Akitumia miezi minne, vema vilevile. Mwanafunzi anayejua mlango uko wapi huutembelea kwa hiari.

Na wapo watakaosema kwamba kupima watu ni kuwaaibisha. Hapa ndipo penye mzizi wa ubaya wote. Tumeifanya ngazi kuwa cheo. Mzee mwenye magoti mabovu na mbwa wake wa miaka kumi, ambao hupita bomba moja na viunzi vitatu vya chini kila Jumamosi na kurudi nyumbani wamefurahi, hawajashindwa kitu. Darasa hilo ndilo lao, na wana haki ya kufundishwa humo kwa bidii ile ile hadi mwisho. Aibu ingekuwa kuwasukuma juu ili daftari la klabu lipendeze.

Basi, nawaomba wenye vilabu watenganishe malipo na kupanda. Mtu alipie muda wa mwalimu, na mbwa apande kwa anayoyaweza. Na wewe mwenye mbwa, ukipewa cheti kabla ya wakati, kishukuru, kitie mfukoni, kisha omba kubaki ulipo. Mbwa hasomi vyeti. Yeye hutazama mabega yako tu, na kila anapokimbilia kiunzi asichowahi kukiona, anakuwa ameamini kwamba hukumpeleka mahali ambapo hajawa tayari kufika.