Moshi wa jikoni: Serikali imeagiza, baba mwenye nyumba unasemaje?

Leo tuzungumze juu ya moshi.

Mama anamleta mtoto zahanati kwa kikohozi, mara ya tatu ndani ya miezi miwili. Tunatibu, mtoto anapata nafuu, kisha anarudi. Siku hizi nikiisha kuuliza kikohozi kilianza lini, nauliza pia: "Mama, unapikia wapi, na wakati unapika mtoto anakuwa wapi?" Mara nyingi jibu ni kwamba anapikia ndani, na mtoto yuko mgongoni.

Sisi wa Mtumba tuna jambo la ajabu. Hapa hapa kwetu upo Mji wa Serikali, ambako wizara zinaandika sera za kupunguza gesijoto, yaani zile gesi zinazoongeza joto la dunia. Ukitoka hapo mwendo mfupi tu unakuta jiko lisilo na dirisha, mafiga matatu na kuni mbichi. Mwaka 2021 nchi yetu iliahidi kupunguza gesijoto kwa asilimia 30 hadi 35 ifikapo 2030, ukilinganisha na kiwango ambacho zingefikia bila hatua yoyote. Makadirio ya Serikali yanaonesha kuwa tumekuwa tukipoteza zaidi ya hekta 460,000 za misitu kwa mwaka, kwa sababu ya mashamba, kuni na mkaa. Ndiyo maana taasisi zinazolisha watu zaidi ya 100 ziliagizwa kuacha kuni na mkaa ifikapo Januari 31, 2024, na zile za watu zaidi ya 300 zikapewa mwaka mmoja zaidi. Mei 2024 ukazinduliwa Mkakati wa Taifa wa Nishati Safi ya Kupikia, wenye lengo la kufikia asilimia 80 ya Watanzania ifikapo 2034.

Mimi ni tabibu, si mtaalamu wa hali ya hewa. Lakini najua kwamba moshi huo unaochafua anga hupita kwanza kwenye kifua cha mama na mtoto. Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa mwaka 2020 hewa chafu ya majumbani iliua watu wapatao milioni 3.2 duniani. Chembe za moshi ni ndogo mno, hushuka hadi ndani kabisa ya mapafu na kudhoofisha kinga yake. Mtoto hupata homa ya mapafu (nimonia), na mama baada ya miaka mingi hupata ugonjwa sugu wa mapafu japo hajawahi kuvuta sigara. Mkaa nao, japo moshi wake ni mchache, hutoa hewa ya sumu isiyo na rangi wala harufu. Anayelala na jiko la mkaa chumbani usiku wa baridi ya Juni na Julai huenda asiamke.

Sasa maoni yangu. Katazo peke yake halitoshi. Januari 2006 Serikali ilipiga marufuku mkaa, na baada ya muda mfupi ikalegeza, kwa sababu watu hawakuwa na kitu kingine cha kupikia. Wakala wa Nishati Vijijini (REA) umeuza mitungi ya gesi ya kilo 6 kwa nusu bei, na hilo ni jema. Lakini mtungi unaisha. Mkaa unauzwa kwa kopo, gesi inataka fedha zote kwa mkupuo. Wanaoandika sera waitazame kazi hiyo ya kujaza mtungi, watu waweze kununua gesi kidogo kidogo kama wanavyonunua mkaa. Bila hivyo mitungi itabaki pambo la sebuleni.

Nawe baba, usijifiche nyuma ya Serikali. Katika nyumba nyingi mkaa unanunuliwa na mama kwa visenti vyake, na baba hajui mwezi umekula kiasi gani. Andika kila kopo kwa siku 30, ujumlishe, kisha ulinganishe na bei ya kujaza mtungi. Usipofanya hesabu hiyo huwezi kusema gesi ni ghali. Chakula na makazi ya mke ni wajibu wako, na kifua chake kimo humo.

Wakati tunajipanga, tufanye haya:

Kwanza, pikia nje au toboa dirisha na tundu la moshi. Tumia kuni kavu. Mtoto asikae jikoni.

Pili, mtoto akipumua haraka au mbavu zikibonyea ndani, mpeleke kituo cha afya siku hiyo hiyo. Usisubiri.

Tatu, usichome mabua ya mtama na uwele shambani. Yaache yafunike udongo au walishe mifugo.

Nne, usichome plastiki uani, kwani moshi wake ni sumu. Maganda na mabaki ya chakula yafukie shimoni yawe mbolea. Yakienda kuoza dampo hutoa gesi ya methani, ambayo nayo huongeza joto la dunia.

Tano, kamati za misikiti na madrasa za bweni tuwe wa mwanzo kutii agizo lile. Sufuria za futari na maulidi zinapikwa na mama zetu.

Tukumbuke kuwa Mtume (S.A.W.) alimkataza aliyekula kitunguu saumu asiukaribie msikiti, asije akawaudhi wenzake kwa harufu. Ikiwa harufu tu imezuiwa, je, moshi unaoua?

Wabillahi tawfiiq.