Kusoma si Kuwinda Maneno

Wako watu washikiliao kuwa njia fupi ya kushinda ufahamu ni kusoma maswali kwanza, kisha kuwinda katika habari neno lifananalo na la swali, na kunakili sentensi iliyolibeba. Napinga shauri hilo. Baadhi ya zile alama 15 za ufahamu katika karatasi ya pili ya Kiswahili zaweza kuokotwa hivyo, akili haiokotwi.

Chukua mfano wewe ukaaye Kawangware 56, penye vyumba vingi vya kupanga. Mama akupa barua ya mwenye nyumba umsomee. Imeandikwa: "Mpangaji hatahamishwa, ila asipolipa kodi kabla ya tarehe 5." Mwindaji wa maneno huona "hatahamishwa", akamwambia mama asiwe na wasiwasi. Kumbe uzito wote umekaa katika "ila", na katika "-sipo-" iliyojificha ndani ya "asipolipa". Tarehe 6 vyombo vi nje, na mtoto ana cheti cha kusoma!

Basi soma habari kwanza, tangu mwanzo hata mwisho, kalamu ikiwa chini. Mnapojizoeza darasani, funga kitabu umweleze mwenzako kwa maneno yako mwenyewe. Ukikwama, rudi pale pale ulipokwama. Utaambiwa kuwa katika mtihani wakati hautoshi. Hautoshi kwa nani? Mwindaji hupekua habari ile ile upya kwa kila swali, na maswali ni mengi.