Mutalaa kabla ya darsa



Ndugu wanafunzi, mwaka huu nilimwita kijana mmoja ataje nguzo sita za udhu. Akazitaja zote bila kukosea. Nikampa kopo la maji atawadhe mbele ya wenzake. Akaosha mikono, viwiko akaviacha. Sikumlaumu, nilijilaumu mwenyewe. Somo lile nililiandika ubaoni, nanyi mkanakili mpaka adhana ya Magharibi. Muda wa kutenda haukubaki.

Mwaka 2007 huko Marekani, walimu wawili wa kemia, Jonathan Bergmann na Aaron Sams, walianza kurekodi masomo yao kwa video. Mwanafunzi hutazama maelezo nyumbani, akija darasani hufanya maswali na majaribio huku mwalimu yupo karibu kumsaidia. Utaratibu huo ukaja kuitwa darasa lililogeuzwa.

Je, jambo hili ni geni kwetu? Hapana. Wanafunzi wa masheikh wetu wanaijua mutalaa, yaani kukipitia kitabu kabla ya darsa, ili mbele ya sheikh uulize yaliyokutatiza. Hata sisi katika Qur'ani ndivyo tufanyavyo: mtoto anahifadhi nyumbani, chuoni anasikilizwa na kusahihishwa. Basi kwa nini fiqhi tusiisome hivyo?

Najua wapo watakaosema, "Ustadhi, hapa Tindiga ni wangapi wenye simu za video?" Ni kweli. Na msimu wa mpunga wengi wenu mkitoka shule mnakwenda kuamia ndege. Dada zenu wanachota maji na kupika. Mtoto huyo ukimpa kurasa kumi za kusoma usiku utakuwa umemdhulumu, na mwenye nafasi atazidi kumwacha nyuma.

Kwa hiyo rai yangu ni ndogo. Mwalimu atoe nusu ukurasa siku moja kabla, karatasi moja kwa watoto watatu wanaokaa jirani, pamoja na swali moja la kufikiri. Asiyepata nafasi nyumbani aje robo saa mapema, asome na mwenzake barazani, bila kuchapwa wala kuchekwa. Kisha saa ya darsa iwe ya kopo la maji, maswali na kusahihishana.

Swala haisihi bila udhu. Kijana yule akiendelea kukosea kwa sababu ya chaki yangu, mimi ndiye nitakayeulizwa.

Wabillahi tawfiq.