Bustani Yetu: Matandazo Yabadilishwe Lini?

Kiangazi kimeanza hapa Kigoma, na maji ya bomba tunayapangia foleni. Kwa hiyo tusiache tuta la lengalenga likae uchi.

Mama mmoja ametuuliza: "Nyasi nilizotandaza zimekuwa nyeusi, nizitoe?" Hapana, mama. Hizo zimeanza kuwa mbolea. Ingiza kidole chini yake: kama udongo una unyevu, ziache hivyo hivyo. Kama umekauka, au unauona kwa juu, mwagia maji kwanza, halafu ongeza nyasi kavu mpaka unene wa vidole vinne. Zisiguse shina, litaoza.

Tunatoa zote pale tu ugonjwa umeingia, kwa mfano nyanya zikishika madoa na kunyauka. Hizo tuzifukie mbali na bustani, tusizitandaze tena.

Na watoto tusiwatume porini peke yao kukata nyasi. Mabua ya mahindi, maganda ya maharage na majani makavu ya migomba ya hapa hapa yanafaa kabisa. Maji kidogo, lakini mboga ipo sufuriani.

Mwezi ujao tutaongea juu ya kitalu.