Landilodi mpya, hesabu madirisha kabla ya kodi

Wakazi wengi wa Nairobi wanapopokea kiinua mgongo, au mkopo wa chama cha ushirika, wazo la kwanza huwa ni kujenga vyumba vya kukodisha huko Kangemi, Kawangware, Uthiru au Dagoretti. Si wazo baya, kwani jiji lina uhaba wa nyumba. La kusikitisha ni kwamba landilodi mpya hupiga hesabu moja tu: ploti itatoshea vyumba vingapi, na kila chumba kitaleta shilingi ngapi kwa mwezi.

Hesabu hiyo ina upungufu. Msomaji, unapopangisha chumba hukodishi mawe na mabati pekee. Unakodisha hewa, maji na choo ambavyo familia nyingine itavitegemea usiku na mchana. Kwa maoni yangu, mwenye nyumba ni mlinzi wa afya ya wapangaji wake, apende asipende.

Sheria pia yasema hivyo. Chini ya Sheria ya Afya ya Umma (Sura 242), nyumba yenye msongamano wa kudhuru afya, au isiyo na mwanga, hewa na choo cha kufaa, huhesabiwa kuwa kero, na mwenyewe anaweza kuamriwa airekebishe au ashtakiwe. Nayo Katiba ya 2010, katika ibara ya 43, yampa kila mtu haki ya makao yanayofaa na usafi wa kuridhisha.

Basi uanzie wapi? Anzia City Hall, upate idhini ya ramani yako, na usiongeze hata ghorofa moja ambayo haimo ndani yake. Jumba la Huruma lililoporomoka tarehe 29 Aprili 2016 liliua zaidi ya watu 40.

Pili, hewa. Viini vya kifua kikuu huelea hewani mgonjwa anapokohoa, na katika chumba kilichofungwa huweza kukaa saa kadhaa. Dirisha pana linalofunguka na miale ya jua ni kinga isiyohitaji daktari. Kumbuka pia kwamba msimu wa baridi, mwezi wa Julai, wapangaji huingiza jiko la makaa ndani. Jiko hilo hutoa gesi ya kaboni monoksidi, isiyo na rangi wala harufu, ambayo huua watu wakiwa usingizini. Wakataze, lakini pia acha matundu ya hewa juu ya madirisha.

Tatu, maji. Kwa kuwa maji ya mfereji hutolewa kwa zamu, utahitaji tangi lenye kifuniko, linalosafishwa mara kwa mara. Ukichimba kisima kwa mashine, peleka maji yapimwe kabla ya kuyauza. Visima vingi vya Nairobi vina madini ya floraidi kupita miligramu 1.5 kwa lita, kiwango kinachopendekezwa na Shirika la Afya Ulimwenguni. Madini hayo huyatia meno ya watoto madoa ya kahawia yasiyotoka, na yakizidi sana hudhuru mifupa. Kuyachemsha maji hakusaidii kitu.

Nne, maji taka. Unganisha nyumba na bomba la jiji, au jenga tangi la maji taka mbali na kisima. Kuelekeza uchafu mtoni usiku ni kumpelekea jirani wa chini ugonjwa. Kipindupindu kilipozuka nchini kuanzia Oktoba 2022, Nairobi haikuachwa.

Tano, umeme. Hita ya kuogea iliyofungwa na fundi wa kubahatisha, bila waya wa kwenda ardhini, ni mtego wa mauti. Tafuta fundi mwenye leseni.

Najua wengine watasema kwamba mambo haya yatapandisha kodi, na maskini ndiye atakayeumia. Hoja hiyo ina uzito, lakini haitoshi. Dirisha linalowekwa wakati wa kujenga hugharimu kidogo kuliko ukuta utakaobomolewa baadaye. Zaidi ya hayo, mpangaji anayelipa hospitali kila mwezi hawezi kukulipa wewe kwa wakati. Hata ushuru wakushauri hivyo. Ule wa nyumba za makao, uliopunguzwa Januari 2024 kutoka asilimia 10 hadi 7.5, hutozwa kodi yote unayokusanya bila kuondoa gharama za ukarabati. Afadhali basi ujenge vizuri mara moja kuliko kukarabati kila mwaka.

Mwishowe, andikianeni mkataba. Utaje ni nani atakayerekebisha bomba likipasuka na kwa muda gani, choo kitasafishwa na nani, na watu wangapi watalala chumbani. Mpe mpangaji risiti, na umwambie aripoti unyevu au nyaya zilizolegea bila hofu ya kufukuzwa. Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Kwa landilodi, ufa huo huanza kama kikohozi cha mtoto katika chumba nambari 7.

Kabla ya kutundika kibao cha vyumba vya kukodisha, ingia katika kila chumba, funga mlango, ukae humo saa moja. Ikiwa wewe mwenyewe huwezi kulala humo na wanao, bado nyumba hiyo haijawa tayari.