Joho la Chimwaga, Jina la Juma

Tangu Chuo Kikuu cha Dodoma kianzishwe mwaka 2007, maelfu ya vijana wamevaa joho pale Chimwaga. Likivuliwa, huanza kuchakaza soli wakitafuta kazi. Kijana wa Kiislamu asipoitwa kwenye usaili hujiuliza: nafasi ni haba, au ni jina langu? Hujibiwa, “Acha udini!” Jibu gani hilo? Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inakataza ubaguzi wa dini, lakini anayechambua maombi huyachambua mlango umefungwa. Nafasi ni haba kweli, kwa Juma na kwa John. Basi majina yafichwe wakati wa uchambuzi. Asiyebagua hatapungukiwa kitu. Anayebagua ndiye atakayelalamika.