Acheni kuandika "wote isipokuwa" kwenye fayawoli

Leo nina neno na ndugu zangu wanaotunza mitandao ya maofisi, shule na zahanati. Ile alama ya mshangao mnayoitia kwenye kanuni za fayawoli ili kutoa anwani au ukanda fulani, mara nyingi haifai kuwa pale.

Nitatumia Shorewall, programu ya Tom Eastep, kwa sababu kanuni zake zinasomeka. Tazama hii:

ACCEPT all!net,wifi $FW tcp 22

Maana yake: kanda zote, isipokuwa intaneti na WiFi ya wageni, zinaruhusiwa kuifikia tarakilishi ya fayawoli yenyewe kwa SSH. Leo kuna ukanda mmoja tu unaobaki, ule wa wafanyakazi. Safi. Mwakani mwenye ofisi anafunga kamera, nawe unaziundia ukanda wake, cctv, kama fundi mwenye adabu. Kanuni ya zamani hukuigusa. Lakini sasa zile kamera za bei rahisi, ambazo hakuna anayekumbuka kusasisha programu zake, zina ruhusa ya kubisha mlango wa SSH. Nani aliamua hivyo? Hakuna. Neno "wote" ndilo lililoamua.

Mimi ningeandika hivi:

ACCEPT ofisi $FW tcp 22

Ukanda mpya ukija, haupati kitu mpaka mtu auombee. Ukisahau kumruhusu anayestahili, atakupigia simu kabla ya saa nne asubuhi. Ukisahau kumzuia asiyestahili, hakuna simu itakayokuja. Hoja yangu ni hiyo: kosa la kufunga hupiga kelele, kosa la kufungua hukaa kimya.

Kuna jambo la pili, na hili huwachanganya hata waliobobea. Kumtoa mtu kwenye kanuni si kumzuia. Ni kusema tu kwamba kanuni hii haimhusu, aendelee na zinazofuata, na zikiisha ahukumiwe na sera. Katika mfano wa kadi mbili za mtandao unaokuja na Shorewall, sera ya kutoka mtandao wa ndani kwenda intaneti ni ACCEPT. Kwa hiyo ukiandika:

ACCEPT loc:!192.168.1.50 net tcp 443

hujamzuia yeyote. Tarakilishi ya 50 inairuka kanuni hiyo, inafika kwenye sera, inapita.

Hali huwa mbaya zaidi ukiandika mbili mfululizo:

ACCEPT net:!203.0.113.7 dmz tcp 443
ACCEPT net:!203.0.113.9 dmz tcp 443

Anwani ya 9 inapitia kanuni ya kwanza, ya 7 inapitia ya pili. Umewaruhusu wote wawili! Ukitaka kuwatoa kweli, waweke pamoja kwa koma baada ya alama moja. Ila njia iliyo wazi zaidi ni kuwaandikia DROP yao juu kabisa, ili atakayekurithi kazi aelewe bila kupiga ramli.

Na usisahau IPv6. Shorewall inashughulikia IPv4. IPv6 ina mafaili yake ya Shorewall6. Anwani uliyoitoa upande mmoja haijulikani upande wa pili, ingawa mashine ni ile ile.

Je, nasema alama hiyo ifutwe kabisa? La. Ina mahali pake. Unapounganisha matawi mawili kwa VPN, mara nyingi huna budi kutoa anwani za tawi la pili kwenye NAT, la sivyo pakiti zitabadilishwa anwani kabla ya kuingia kwenye VPN na huenda tawi lisifikiwe. Lakini angalia tofauti: ukikosea hapo, mawasiliano yanakatika na unajua siku hiyo hiyo. Kipimo changu ndicho hicho. Itumie pale ambapo kosa litajitangaza. Pale inapogawa ruhusa, orodhesha unaowataka.

Mtaniambia orodha zinachosha. Kweli, mistari itaongezeka. Lakini hapa Kenya tuna Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019, inayotaka Kamishna wa Data aarifiwe ndani ya saa 72 data ya watu ikivuja na kukawa na hatari ya kweli ya wao kudhurika. Siku hiyo utaulizwa nani aliruhusu kamera ifike kwenye seva ya wagonjwa. Jibu la "haikuwa kwenye orodha ya waliokatazwa" halitamridhisha mtu.

Basi leo kabla ya kufunga kazi, fanya hivi:

grep '!' /etc/shorewall/rules

Kwa kila mstari utakaotokea, jiulize: nikiongeza ukanda kesho, mstari huu utampa nani ruhusa? Ukishindwa kujibu, uandike upya.